Tunaenda hifadhi ya taifa ya Denali kulala kwenye tenti, dubu tunajikingaje?

Msafiri: Wakuu habari zenu, mwezi wa 8 mimi na mke wangu tunaenda Alaska, tutatembea kwa miguu Denali na kulala porini, sasa hawa dubu wananinyima usingizi kabisa. Nikikutana naye nikimbie au nipande mti?

Kilele: Usikimbie mkuu! Dubu anakimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na mti pia anaweza kuupanda. Simama, ongea kwa sauti tulivu, rudi nyuma taratibu. Sprei ya pilipili ikae kiunoni sio ndani ya begi maana ukiihitaji una sekunde chache tu, na inunue ukishafika, kwenye ndege hairuhusiwi.

Mama Kambi: Naongezea suala la msosi. Chakula, dawa ya meno, sabuni, yaani kila chenye harufu kinaingia kwenye lile kopo gumu la kuzuia dubu, unaliacha kama mita 100 toka kwenye tenti na kupika unapikia huko huko. Njiani pigeni kelele hasa vichakani na kando ya mito, maji yanameza sauti, na dubu aliyeshtuka ndo hatari zaidi, mwenye watoto ndo usiseme.

Msafiri: Asanteni sana. Na akinivamia kabisa?

Kilele: Grizzly (yule dubu mkubwa wa kahawia) akikudaka lala kifudifudi, mikono nyuma ya shingo, panua miguu asikugeuze, begi libaki mgongoni. Dubu mweusi hapana, huyo pigana naye, lenga pua na macho.