Mrejesho: Ruzuku ya wazee na dada wa kumhudumia Nyanya

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kama ruzuku ya wazee inatosha kumlipa dada wa kumhudumia nyanya yangu hapa Bombo, Uganda. Ana miaka 84, na magoti hayamruhusu tena kuchota maji.

Kuandikishwa tumefaulu, kitambulisho cha taifa kilikuwa sawa. Siku ya malipo mashine ilikataa vidole vyake, vimelika kwa jembe. Kijana mmoja akamfuta kwa kitambaa chenye maji, kidole gumba kikasoma. Nilifurahi mno!

Lakini hesabu haikubali. Serikali inatoa shilingi 25,000 kwa mwezi, na ni pesa tu, hakuna mtu anayetumwa nyumbani. Dada wa kulala hapo anataka 150,000 na chakula. Kwa hiyo ruzuku inanunua sabuni, sukari na nauli ya boda kwenda kliniki. Sisi wajukuu tunachanga, binti wa jirani anakuja asubuhi kumwogesha na kufua.

Kinachoniuma ni umri wa kuanza kupewa ruzuku. Kusubiri miaka 80 ni kuchelewa mno, wengi huanza kuhitaji mkono wa mtu mapema zaidi. Babu wa jirani ana 76, yuko peke yake, hapati kitu.