Jiko la peleti: bomba la drayer linafaa?

baridi_ya_maine: Wakuu nipo Maine, Marekani huku baridi inaua, nimepata jiko la peleti (vile vipande vidogo vya unga wa mbao ulioshindiliwa) la mtumba, fundi ananiambia nichomeke tu bomba la mashine ya kukaushia nguo moshi utoke ukutani, ni sawa kweli?

mama_wawili: Weee usithubutu! Ile alumini laini haihimili joto, tafuta bomba lake lenyewe la kuta mbili, inchi 3 au 4, na mbao zikae mbali kama kibandiko cha jiko kinavyosema.

kombo77: Na majivu jamani, mie niliyatia ndoo ya plastiki nikajua yamepoa, asubuhi nakuta ndoo imeyeyukia barazani 😅 tumia ya chuma yenye mfuniko. Alamu ya kaboni monoksidi unayo? ile gesi ya sumu haina harufu

baridi_ya_maine: Sina, naifuata leo. Kapeti chini je?

mama_wawili: Toa, weka vigae.