Wikendi bila kununua kitu: bustani, kufuma, bao au pantoni, kipi kinakutoa dukani kweli?

BintiTabata (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Juzi nilikaa nikapitia meseji za miamala kwenye simu, mwezi mzima, nataka kujua hela inaendaga wapi maana mshahara si mkubwa ila na mimi si mtu wa starehe, sinywi, sitoki usiku. Aisee. Laki moja na themanini na kitu imeishia kwenye vitu ambavyo hata sasa hivi siwezi kukuonyesha vyote viko wapi humu chumbani. Blauzi za mtumba buku tatu tatu, vibanio, makopo ya plastiki ya kuwekea makopo mengine, sendozi, poda niliyomwona dada mmoja anajipaka mtandaoni nikatuma hela saa tano usiku. Kimoja kimoja hakuna kilichozidi buku teni ndio maana sikustuka.

Kilichoniuma zaidi ni kuangalia siku. Karibu vyote ni Jumamosi mchana na Jumapili jioni. Sikuwa na shida na kitu, nilikuwa sina pa kwenda. Mchumba sina (msianze), rafiki zangu wana watoto, basi Jumamosi nikimaliza kufua saa nne naoga napanda daladala naenda soko la mitumba la Karume kusikiliza "belo jipya hilo, chagua chagua jero" na roho inachangamka kabisa. Naongea na watu, naitwa mrembo, narudi na mfuko.

Mwezi huu nimejaribu vitu vitatu badala yake:

Maktaba Kuu pale Bibi Titi. Pametulia, feni zipo, ada yao ndogo. Nikasoma kurasa kama arobaini halafu usingizi. Tatizo ukitoka pale Kariakoo unaiona hiyo hapo, miguu ikajua njia yenyewe. Nikarudi na taulo mbili.

Pantoni ya Magogoni. Mia mbili kwenda Kigamboni, mia mbili kurudi, unachanja kadi unapita. Upepo mzuri jamani, kwa mia nne huwezi kupata upepo wa namna ile popote hapa mjini. Ila dakika chache tu umefika ng'ambo, sasa unafanya nini, ukageuza.

Coco Beach. Bichi ni bure, mihogo si bure. Na chachandu na dafu na nauli nikawa nimetumia zaidi ya blauzi.

Sasa naomba mnisaidie kulinganisha, nyie mnafanyaga nini? Ila msiniambie "kaa nyumbani upumzike", nikikaa nyumbani nafungua simu na kwenye simu maduka ni mengi kuliko Kariakoo.

MamaWawili_Mbagala

Pole mdogo wangu, umeniandika mimi ya miaka mitano iliyopita.

Mimi naotesha mboga kwenye viroba. Unachukua kiroba cha mchele, unajaza udongo uliochanganya na mbolea ya kuku ILIYOOZA, narudia iliyooza, maana mbichi inaunguza miche utalia, katikati unasimamisha kopo lisilo na chini unalijaza kokoto, halafu unalivuta juu huku unaongeza udongo mpaka kiroba kijae, kwa hiyo maji yanashuka kwenye kokoto yanafika mpaka chini. Pembeni unatoboa matundu unachomeka matembele. Matembele usinunue, omba shina kwa jirani. Mchicha mbegu zake bei ya kawaida tu, wiki tatu nne unakata.

Mimi kwa wiki sinunui mboga mara nne au tano. Kwa hiyo kwenye kulinganisha kwako hii ndiyo pekee ambayo pesa inarudi.

BintiTabata

Asante dada. Inachukua muda gani lakini kwa siku?

MamaWawili_Mbagala

Dakika ishirini, ukizidisha nusu saa. Asubuhi maji, jioni kuchungulia wadudu.

BintiTabata

Ndo hapo sasa. Jumamosi yangu ina masaa kama nane ya kujaza. Nitaanza na viroba viwili ila bado naitafutia dawa ile saa sita mpaka saa kumi na mbili.

Chuma_Ilala

Dada njoo kibanda umiza. Jero unaangalia mechi, mbili mfululizo ukiwa na bahati, kelele, utani wa Simba na Yanga, muda unapotea hata hujui. Hakuna kitu rahisi zaidi ya hicho.

fundi_baiskeli

@Chuma_Ilala sema ukweli wote mkuu. Jero ya kuingilia na mkeka wa kubeti wa shilingi ngapi?

Chuma_Ilala

😂😂 mkeka ni wa kuchangamsha mechi tu

fundi_baiskeli

Umechanika mara ngapi mwezi huu?

Chuma_Ilala

Tuendelee na mada.

fundi_baiskeli

Nimecheka lakini nasema kweli. Wanawake mnalaumiwa kwa Kariakoo ila sisi mkeka ndio shopping yetu, tena dada wa watu yeye angalau ana taulo mbili. Mimi niliacha nikaingia joging ya mtaani, Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tunatoka, nyimbo njia nzima, saa mbili tumemaliza tunapiga supu.

Uzuri wake umelala Ijumaa mapema kwa hiyo na usiku umejiokoa. Ubaya, nisikufiche, michango. Tisheti ya klabu, bonanza la klabu jirani, mwenzetu kafiwa, mwenzetu kapata mtoto. Ukipiga hesabu ya mwaka si bure kabisa. Lakini mimi siku nilipofiwa walikuja na mabasi mawili kwa hiyo siwezi kuisema vibaya.

Mwanamvita

Salaam nyingi kutoka Mombasa. Sie huku twajaza jioni Lighthouse pale Mama Ngina, watu hukaa kwenye ukuta wa bahari wakatazama meli zikiingia bandarini, na kivuko cha Likoni mwenda kwa mguu halipi hata ndururu, kwa hiyo dada wa Dar umepunjwa mia nne zako hahaha.

Lakini nakubaliana nawe, bahari yaburudisha ila haishughulishi. Ukikaa pale nusu saa mkono watafuta kitu. Mihogo, achari, mabuyu, kahawa. Mie kilichonitoa Kongowea kwenye mitumba ni kufuma. Nafuma vitambaa vya meza, kofia za watoto. Kisa mikono yote miwili imeshikwa, simu huwezi kuishika! Hapo ndipo siri ilipo, wallahi. Ukisoma kitabu mkono mmoja wabaki huru nao hujui utapita wapi.

BintiTabata

Shoga hiyo ya mikono miwili imenigusa. Bibi yangu alikuwa anafuma vile vitambaa vya makochi, mimi nilijua kidogo nikiwa darasa la tano. Nitajaribu.

Sele_Forodhani

Huku Unguja mbona hatuna tabu, alaasiri unakaa Forodhani unatazama vijana wanapiga makachu, wanaruka baharini kwa mitindo, bure kabisa. Usiku Jaws Corner kahawa na dhumna. Ila hilo la mwisho ni la wanaume zaidi, mwanamke akikaa pale watu watauliza kwao wapi.

BintiTabata

Ndio shida ya vijiwe vyote. Wanaume mna vijiwe kila kona, kahawa, drafti, bodaboda. Sisi kijiwe chetu ni saluni na sokoni, na kote huko unakaa kama mteja.

MamaWawili_Mbagala

Hapo umesema. Kikoba chenyewe tukikutana lazima mmoja aje na vitenge vya kukopesha.

Mzee_wa_Kete

Nimesoma uzi wote kimya kimya. Binti, hakuna aliyetaja bao?

BintiTabata

Shikamoo mzee. Sijui kucheza.

Mzee_wa_Kete

Marahaba. Nani alizaliwa anajua.

Nasema bao la Kiswahili lenyewe, la mashimo thelathini na mawili, safu nne za mashimo manane. Kete sitini na nne, kila mmoja thelathini na mbili. Unaanza na kete sita kwenye nyumba, yaani shimo lako kuu la safu ya mbele, mbili na mbili kwenye mashimo mawili yanayofuatana kulia kwake, na ishirini na mbili ziko mkononi unaziingiza moja moja, hiyo ndiyo namua. Zikiisha mkononi mnaingia mtaji, mnacheza na zilizo kwenye bao tu, na hapo ndipo watu hunyamaza. Mchezo mmoja wa watu wanaojua unaweza kula saa nzima na hakuna aliyetoa shilingi.

Na kabla hujaniuliza bao linauzwa wapi nakuzuia. Nimeona ugonjwa wako. Usinunue. Chukua trei mbili za mayai, kila moja ina vishimo sita kwa vitano, ziunganishe ukate upate manane kwa manne. Kete ni komwe, ukikosa tumia maharage makubwa au vijiwe. Ukishaweza kushinda kwenye trei la mayai ndipo ufikirie mbao.

Chuma_Ilala

Mzee trei la mayai 😂😂😂 nimekubali

Mwanamvita

Mzee kanena. Mie siku ya kwanza ya kufuma nilinunua nyuzi rangi tisa na sindano saba. Nyuzi nne bado zimo kwenye karatasi zake mpaka leo.

fundi_baiskeli

Hii watu hawaisemagi. Kila kitu kipya unachoanza kina duka lake. Joging watakuuzia raba, bustani watakuuzia keni na glovu, hata kusoma Biblia kuna kava la zipu. Unadhani umeacha kununua kumbe umebadilisha duka.

BintiTabata

Jamani mmenikamata. Nilikuwa nimeshaandika orodha ya vifaa vya bustani. Nimeifuta.

Naondoka, nitarudi na majibu.

BintiTabata (wiki tatu baadaye)

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Viroba: viwili, nje ya mlango. Kimoja mchicha, kimoja matembele niliyoomba kwa mama mwenye nyumba, ambaye kwa miaka miwili tulikuwa tunasalimiana tu kwenye luku. Sasa hivi kila jioni anakuja kukagua kama bwana shamba, ananigombeza namwagilia maji mengi. Gharama yote haifiki buku tano, mbolea nilipewa na wenye mabanda ya kuku nyuma huku, walifurahi kuondolewa. Mchicha nimekata mara moja, mkubwa wa kutosha sufuria moja ndogo. Inajaza jioni, haijazi Jumamosi, kama nilivyosema.

Joging: nilienda mara moja. Watu wazuri sana. Siku hiyo hiyo nikawekwa kwenye grupu la WhatsApp na mchango wa kwanza ukaingia saa tano asubuhi. Fundi samahani, nimekimbia kweli kweli.

Kufuma: uzi buku mbili, rangi moja tu, nyeupe, na sindano moja. Nimefuma kitambaa nikakifumua mara nne. Mwanamvita ulichosema ni kweli tupu, Jumapili jioni niliyokuwa nazungukia maduka mtandaoni simu ilikuwa juu ya kabati inaita na sikuinuka maana ningepoteza hesabu ya matundu. Tena kufumua kwenyewe ni burudani, uzi ni ule ule, hela ni ile ile, umekaa nayo wiki tatu. Blauzi huwezi kuifumua ukarudishiwa buku tatu.

Bao: hapa ndipo pana stori. Nilikata trei kama mzee alivyosema, nikakaa kibarazani najifundisha peke yangu na maharage. Akapita mtoto wa jirani akasimama, akaita mwenzie. Jumamosi ya pili babu yao akatoka ndani kuja kuona kelele za nini, akakaa chini akatazama, akasema "wewe unacheza bao la watoto" akanisogeza. Tumecheza mpaka magharibi. Jumamosi iliyofuata nimekuta ameshaweka viti.

Pantoni bado napanda, ila siku nikiwa nimechoka kichwa, sio kwa kujaza muda. Maktaba nimegundua ni kuazima kitabu na kuondoka nacho, tena nikiwa na nauli tu mfukoni.

Hela nisiwadanganye, sijawa mtakatifu, mwezi huu kuna elfu ishirini na nane, ikiwemo gauni moja ambalo hata mungekuwa nyie mngenunua.

MamaWawili_Mbagala

Weka picha ya gauni.

Chuma_Ilala

Kwa hiyo mshindi ni nani sasa kati ya hivyo vyote, wengine tunasoma tukiwa ndani ya daladala tunataka jibu

BintiTabata

Kwangu mimi bao Jumamosi na kufuma Jumapili. Vingine vyote nilikuwa naamua mwenyewe kila wiki niende au nisiende, na nikianza kuamua tu Karume inashinda. Bao babu ameshaweka viti, nisipotokea anatuma mtoto aje kugonga.

Mzee_wa_Kete

Umemfunga mara ngapi?

BintiTabata

Mzee, yeye ndiye amenifunga. Mara kumi na moja. Mara ya mwisho aliniachia nyumba yangu makusudi ishibe halafu akaila yote, watoto wakapiga makofi.

Mzee_wa_Kete

Unakaa na nyumba muda mrefu mno. Ukiona anakusogelea itawanye mapema usingoje ijae, hiyo ni tamaa. Jumamosi jaribu hivyo uniambie.