Kuh: Mahojiano kwa simu saa 3:00 asubuhi MST

Phoenix:
Ndugu zangu, salaam, na wakubwa shikamooni. Niko Phoenix, Arizona. Barua ya mahojiano ilisema nitapigiwa saa 3:00 asubuhi MST, yaani saa za kawaida za eneo la milima la Marekani. Kumbe afisa, ambaye yuko Denver, alipiga saa 2:00 nikiwa bafuni, na faili sasa linasema sikupatikana. Je, naweza kudai miadi mipya bila kulipa ada tena?

Denver:
Pole sana. Tangu Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, sisi wa Colorado tunatumia MDT, yaani saa za kiangazi, zinazosogezwa mbele kwa saa moja, saa 6 nyuma ya UTC (saa rejea ya dunia), ilhali Arizona, iliyoachana na saa za kiangazi tangu 1968, hubaki na MST, saa 7 nyuma, mwaka mzima. Saa 3:00 MST mwezi huu wa Julai ni saa 4:00 kwetu. Afisa amekutangulia kwa saa nzima. Maofisi huandika MST kwa mazoea tu, hata kiangazi. Usiipoteze barua hiyo.

Tucson:
Mnamchanganya bure. Saa za Arizona ni zile zile za Los Angeles, basi.

Flagstaff:
Kiangazi tu, ndugu yangu! Novemba Los Angeles hurudi nyuma, nasi tukalingana na Denver. Wala usiseme Arizona yote: Wanavajo, kabila la wenyeji asilia ambao ardhi yao inaingia Utah na New Mexico, hubadili saa, ilhali Wahopi, kabila jingine lililozungukwa nao, hawabadili. Tuba City ya Wanavajo na Moenkopi ya Wahopi zinatazamana ng'ambo ya barabara, lakini wakati huu zinapishana saa nzima. Fundi akikuahidi saa 4:00, sharti umuulize ni ya upande gani.

Tucson:
Nimesema Arizona, sikusema Wanavajo.

Denver:
Tungepumzika na haya yote. Machi 2022 Seneti ilipitisha mswada wa kuzifanya saa za kiangazi ziwe za kudumu, lakini Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura.

Flagstaff:
Afadhali sisi tusiobadili. Afrika Mashariki hututangulia kwa saa 10 mwaka mzima: mama akitoka kuswali Isha, saa 2:00 usiku, hapa ni saa 4:00 asubuhi, nami nampigia bila kuhesabu vidole. Wa Denver kila Machi pengo huwashukia hadi saa 9, na wazee nyumbani hudhani mmewasahau.