Mtihani mzima kila jioni, mada moja moja, au programu ya simu? Nimekwama kwenye 55

Kisu_Butu:
Wakuu salaam. Nina wiki 10 kabla ya mtihani wa mchujo wa ajira. Maswali 100 ya kuchagua, dakika 60: Kiingereza 40, hesabu 30, mantiki 30. Machaguo manne kila swali. Ukipata ni alama 1, ukikosa unakatwa robo, ukiacha wazi hukatwi.

Wiki tatu hizi nimekuwa nikifanya mtihani mzima kila jioni, saa mezani, simu chumba kingine. Nimeshafanya 19. Alama zimeganda kati ya 52 na 57. Nafanya kazi mchana, kwa hiyo nina saa mbili tu za kusoma. Naona njia tatu: niendelee hivihivi na mitihani mizima nikitumaini barafu itayeyuka, niiache, nikae na kitabu nimalize mada moja baada ya nyingine, au nihamie kwenye programu ya simu inayotoa maswali kumikumi, nijaze nafasi zote za siku. Waliopita njia hizi wanijuze, hasa waliokwama kama mimi.

Mama_Mizani:
Mitihani 19 kwa wiki tatu! Mwanangu, unapanda kwenye mizani kila jioni ukidhani mizani ndiyo inayopunguza unene. Nikuulize kwanza: ukishamaliza, makosa unayapitia kwa muda gani?

Kisu_Butu:
Naangalia majibu, nasema "aah, kumbe", nalala. Dakika kumi labda.

Mama_Mizani:
Hiyo "aah, kumbe" ndiyo inayokuibia. Unaona jibu, linaonekana rahisi, unajiona umelijua. Chukua karatasi zako tatu za mwisho. Kila swali ambalo hukupata liweke kwenye fungu moja: sikujua, nilijua lakini nikavuruga, sikulifikia. Yale ambayo hukuyafikia yafanye sasa bila saa, uone ungepata mangapi. Ukimaliza rudi hapa. Kabla ya hapo ushauri wowote tunaokupa ni kutibu homa bila kupima.

Fundi_Namba:
Wakati anahesabu, mimi naweka kura yangu kwa mada moja moja, hasa kwenye hesabu. Asiyejua asilimia akifanya mitihani 100 atazikosea mara 100. Na asilimia ndiyo mama wa familia: faida na hasara, riba, punguzo, michanganyiko, wote ni watoto wake.

Kariri sehemu mpaka zitoke bila kufikiri: 1/8 ni 12.5%, 1/6 ni 16.67%, 1/7 ni 14.29%. Jua kwamba 16% ya 25 ni sawa na 25% ya 16, yaani 4, kalamu haijaguswa. Kitu kikipanda bei kwa 20% kisha kikashuka kwa 20% hakirudi kilipokuwa, kinabaki 96% ya bei ya mwanzo. Mtu akienda kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa na kurudi njia ileile kwa 40, wastani si 50. Ni 48, kwa sababu ametumia muda mrefu zaidi akiwa kwenye 40.

Maswali ya kazi na siku nayo huwatesa watu bure. A anamaliza kazi kwa siku 6, B kwa siku 12, wakishirikiana? Achana na 1/6 kujumlisha 1/12. Sema kazi ni matofali 12. A anapanga 2 kwa siku, B anapanga 1, pamoja 3. Siku 4. Haya huyajifunzi katikati ya mtihani wa saa moja, unayajifunza ukiwa umetulia na mada yake mbele yako.

Chui_wa_Maktaba:
Fundi kasema kweli, ila nusu. Ukifanya maswali 30 ya asilimia mfululizo, la 31 hata hulisomi, mkono umeshajua njia. Kwenye mtihani hakuna anayeandika juu ya swali "hili ni la asilimia". Kazi ya kwanza ni kulitambua, na kazi hiyo kitabu cha mada kinakufanyia bila wewe kujua.

Kuna utafiti wa Doug Rohrer na Kelli Taylor wa mwaka 2007 ambao kila anayesoma hesabu angefaa aujue. Wanafunzi wa chuo walifundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilifanya zoezi umbo kwa umbo, jingine likapewa maswali yaliyochanganywa. Wakati wa zoezi, la umbo kwa umbo lilipata 89%, la mchanganyiko 60%. Wiki moja baadaye wakapewa mtihani: waliochanganyiwa 63%, wale wengine 20%. Yaani njia iliyokuwa tamu siku ile ndiyo iliyowaangusha.

Kwa hiyo mada mpya ikae peke yake siku moja au mbili, basi. Baada ya hapo itupe kwenye kapu na wenzake.

Fundi_Namba:
20%? Hiyo sikuijua. Ila mtu asiyejua kanuni hata moja ukimchanganyia si unamtesa tu?

Chui_wa_Maktaba:
Ndiyo maana nimesema siku moja au mbili. Hatugombani mkuu, tunagombana juu ya lini.

Saa_Mbovu:
Niitetee programu ya simu, naona inachekwa kimyakimya. Kwa msamiati, jedwali la kuzidisha na vipeo vya pili hadi 30, simu inaishinda karatasi, kwa sababu inakurudishia kitu kile kile leo, keshokutwa, wiki ijayo. Tangu Hermann Ebbinghaus achapishe majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885 inajulikana kwamba kurudia kwa kuachia nafasi kunashinda kukaa na kitu usiku mmoja. Daftari halikukumbushi kwamba neno fulani limepita siku tisa bila kuguswa.

Ila kwa hesabu ndefu na mantiki ya michoro iache. Haina nafasi ya kuandika, na jibu linakuja sekunde ileile kabla hujaumia. Kidole kinakuwa na kasi kuliko kichwa.

Halafu kuna kosa moja la Waswahili ambalo sijaona kitabu kikilitaja. Niliwahi kuulizwa kwa Kiingereza pembe kati ya mishale ya saa wakati wa "half past three". Kichwa kikasema tatu na nusu, mkono ukachora saa tatu na nusu ya kwetu: mshale mfupi kati ya 9 na 10. Nikapata nyuzi 105, nikacheka kwa raha maana 105 ilikuwepo kwenye machaguo. Jibu ni 75. Jina langu la humu lilitokana na hapo.

Dada_Sarufi:
😂😂 Pole kaka. Wanaotunga maswali wanajua watu wataangukia wapi, ndiyo maana 105 ilikuwepo.

Kwenye Kiingereza yako mengi ya namna hiyo. Kiswahili kinakubali "ingawa alichelewa, lakini alifaulu". Ukiipeleka ilivyo unapata "Although he was late, but he passed", na hilo ndilo swali la kutafuta kosa: chagua "although" au "but", si vyote viwili. Tunajadili "kuhusu" jambo, tunaandika "discuss about", wakati "discuss" haitaki kihusishi. Hatuna "a" wala "the", kwa hiyo tunaziweka kwa kuotea. Kumbuka sauti, si herufi: "an hour" kwa sababu h haisikiki, "a university" kwa sababu neno linaanza na sauti ya y. "Information", "advice" na "furniture" hazichukui s ya wingi. "Each of the students has", si "have", hata wanafunzi wawe elfu.

Kwa hiyo kura yangu kwa upande wa Kiingereza haimo kwenye njia zako tatu. Daftari. Kila sentensi uliyokosea iandike ilivyo sahihi, pembeni andika Kiswahili kilichokuponza. Baada ya sentensi 40 utaona unaanguka kwenye mashimo yaleyale sita au saba.

Kisu_Butu:
Nimerudi. Nimehesabu karatasi tatu, maswali 300. Niliyopata 183, niliyokosa 72, niliyoacha wazi 45. Wastani wa alama ni 55 kama kawaida.

Kati ya 72 niliyokosa, sikujua 29. Yaliyobaki 43 nilijua nikavuruga: nimesoma "isipokuwa" kama haipo, nimejumlisha vibaya, nimepata jibu sahihi nikaweka alama kwenye chaguo la jirani. Kati ya 45 ya wazi, 7 niliruka kwa hiari, 38 sikuyafikia. Karibu yote ni mantiki, ambayo iko mwisho. Nimeyafanya jana bila saa, nimepata 27.

Jana hiyohiyo nimepima na muda. Kiingereza dakika 18, hesabu 34, mantiki ikabakiwa na 8.

Kusema kweli nimeshtuka. Nilikuwa nimeshaanza kununua vitabu.

Mama_Mizani:
Sasa tumekupima. Usiyoyajua ni maswali 29 kati ya 300, karibu kumi kwa kila mtihani. Kumaliza kitabu mada kwa mada kungekutibu hayo kumi na kuyaacha mengine yote kama yalivyo. Hesabu zimekula dakika 34, sekunde 68 kwa swali, na swali la hesabu linalipa alama 1 sawasawa na neno la msamiati.

Kiingereza kikienda kwa wastani wa sekunde 20 kinaisha kwa dakika 13 na sekunde 20. Hapo unabakiwa na dakika 46 na sekunde 40 kwa maswali 60, karibu sekunde 47 kila moja. Hesabu zipite mara mbili: mzunguko wa kwanza, swali ambalo hujaona njia yake ndani ya sekunde 15 liwekee alama na uende. Utalirudia. Kuliacha si kushindwa, ni kulipanga foleni.

Mtihani mzima mmoja kwa wiki, siku ya mapumziko, na siku inayofuata yote ni ya makosa yake. Jioni nyingine fanya vipande: maswali 15 ya hesabu zilizochanganywa kwa dakika 12, yapitie, kisha 15 ya mantiki. Programu ya simu ni ya foleni na usafiri, kama Saa_Mbovu alivyosema.

Fundi_Namba:
Na kukiwa na makato usiotee hata siku moja.

Mama_Mizani:
Fundi, wewe wa namba ndiye unayesema hivyo? Machaguo manne, makato robo. Otea maswali 16 macho yakiwa yamefumbwa: kwa wastani unapata 4, unakosa 12. Nne kutoa tatu ni moja. Faida kiduchu, lakini si hasara. Ukiweza kufuta chaguo moja, kwenye maswali 12 unapata 4 na kukosa 8, unabaki na 2. Ukifuta mawili, kwenye 12 hayohayo unapata 6 na kukosa 6, unabaki na 4.5. Makato yangekuwa theluthi, kuotea kipofu kungekuwa sifuri kamili. Kwa hiyo soma kanuni ya makato ya mtihani wako, usibebe ya jirani.

Fundi_Namba:
Nimenyoosha mikono. Nilirithi hiyo kwa walionitangulia, sikuwahi kuikokotoa.

Chui_wa_Maktaba:
Kisu, kwenye mantiki chora. "Madaktari wote ni wasomaji. Baadhi ya wasomaji ni wachoraji." Je, baadhi ya madaktari ni wachoraji? Kichwa kinasema ndiyo kwa sababu inawezekana. Chora duara la madaktari ndani ya wasomaji, kisha wachoraji waguse wasomaji bila kuwagusa madaktari. Umeweza kuchora, basi hitimisho halilazimiki. Sekunde 15.

Maswali ya ukoo nayo chora mti, wala usitafsiri. Sisi tuna mjomba na baba mdogo, Kiingereza kina "uncle" tu. Ukilisoma ukasikia "mjomba" umeshampeleka upande wa mama wakati swali halijasema.

Kisu_Butu:
Ripoti baada ya wiki mbili. Mtihani wa leo: nimepata 69, nimekosa 24, wazi 7. Alama 63. Mantiki nimeifikia hadi mwisho kwa mara ya kwanza. Ila Kiingereza kimeharibika, nilikuwa nakosa 7, leo 11. Nimekimaliza kwa dakika 12 lakini.

Dada_Sarufi:
Umeishika sekunde 20 kama amri. Ni wastani. Msamiati mpe sekunde 8, ama unalijua neno ama hulijui. Kutafuta kosa mpe hata 35, kiima kwanza, kisha kitenzi chake, kisha vihusishi. Na ufahamu?

Kisu_Butu:
Nilisoma maswali kwanza, nikawinda majibu kwenye kifungu.

Dada_Sarufi:
Kwa maswali ya tarehe na majina hiyo inafaa. Kwa "mwandishi anamaanisha nini" inakuponza, umeokota sentensi moja hujui inabishana na nani. Angalia kati ya hayo 11 mangapi yametoka kwenye ufahamu, uniambie.

Kisu_Butu:
Sita.