Ramani ya kijiji: tuletewe moja iliyokwisha kuchorwa, au tatu tuchague?

Mwakeye wana Kigoma. Kijijini kwetu, milimani juu ya ziwa, timu ya mipango ya matumizi ya ardhi ilikuja na ramani moja, imeshapakwa rangi: kijani msitu, njano mashamba. Ikabandikwa ukutani shuleni, tukaambiwa tunyooshe mikono. Mama mmoja akaisogelea mpaka pua karibu iguse karatasi, akauliza kisima cha kwao kiko wapi. Hakikuwepo.

Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha mpango kama huo. Tunaidhinisha nini kama kilicholetwa ni kimoja? Mimi nasema tuoneshwe kijiji cha miaka 20 ijayo kwa michoro mitatu: tukilima hadi kileleni, tukiacha ukanda wa miti kando ya vijito, tukiunganisha msitu wetu na wa jirani ili sokwe wapite. Kila mchoro useme kijito gani kitakauka, na nani ataachia shamba.

Wa Mwandiga: Ndugu yangu, napinga. Ukionesha ukanda wa msitu kabla haujapitishwa, kesho yake watu wameingia na mapanga, wamepanda mihogo, wanadai fidia. Nimeyaona.

Wa Uvinza: Na sisi wafugaji? Milima imo, mito imo, njia ya ng'ombe haimo katika mchoro hata mmoja.

Mleta mada: Wa Uvinza, ni kweli, malisho niliyasahau, na ndiyo maana mtu mmoja asichore peke yake.

Wa Mwandiga, mtu hufyeka haraka akisikia fununu kwamba anaporwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, lakini teremka bondeni kwetu leo: majani ya mihogo yananing'inia juu ya maji. Katazo peke yake halijatosha. Vijiji vya jirani na Gombe, hifadhi ya sokwe, ambako mradi wa TACARE (wa kutunza misitu pamoja na wanavijiji) wa Taasisi ya Jane Goodall ulianza 1994, watu walikuja kutandaziwa picha za setilaiti, wakaonesha wenyewe maeneo yao. Walijiona ndani ya picha.

Hofu yako naichukua hivi: michoro ipite kitongoji kwa kitongoji kwa mwezi mmoja, na mwezi huo serikali ya kijiji isigawe wala kuidhinisha uuzaji wa ardhi katika maeneo yanayojadiliwa.

Kasulu, Buhigwe, kuna kijiji kilicholetewa zaidi ya mchoro mmoja? Ilikuwaje siku ya kupiga kura?