Filta ya MHz 868 kwenye FR-4 inakula dB 12: shida ni mchoro au ni bodi?

mita_za_maji aliandika:

Habari zenu wakuu. Nafanya kazi na timu ndogo inayosoma mita za maji kwa LoRa (redio ya kutuma data mbali kwa nguvu ndogo) kwenye maghorofa ya Pipeline, Embakasi, Nairobi. Antena yetu iko juu ya paa. Paa la jirani lina mnara wa simu, na paneli yake moja imetukodolea macho. Mchana mita zote zinaingia. Ikifika saa moja jioni, watu wamerudi nyumbani na kila mtu yuko kwenye video, mita za ghorofa za chini zinaanza kupotea moja moja. Usiku wa manane zinarudi zenyewe bila mtu kugusa kitu.

Nimeangalia spektra hapo juu. Mnara unarusha MHz 791 hadi 821, tena 925 hadi 960. Sisi tumebanwa katikati, 863 hadi 870. Kwa hiyo nikachora filta ya rezoneta tatu (sehemu zinazoitikia masafa mamoja) zilizopinda umbo la U, aina ya Chebyshev yenye mawimbi madogo ya dB 0.1 juu ya mkunjo, katikati MHz 867, upana MHz 20. Bodi ni FR-4 (ile ya kawaida ya nyuzi za kioo na resini) ya milimita 1.6 niliyonunua Luthuli, mtaa wa vifaa vya elektroniki mjini, na kwenye programu niliweka kipimo chake cha dielektri 4.2. Programu inanionyesha mkunjo wa kupendeza kabisa. NanoVNA, kifaa changu cha kupimia filta, inanionyesha kitu kingine: katikati imeteremka hadi karibu 846, na pale juu kabisa pa mkunjo bado napoteza dB 12.

Niagize bodi ya Rogers, ile ya redio yenye upotevu mdogo, kutoka nje, ama kuna kitu kwenye mchoro? Bei ya kipande pamoja na ushuru inaniumiza kichwa.

luthuli_boy alijibu:

Boss, unajitesa bure. Tafuta filta ya SAW (inayotumia mawimbi ya sauti juu ya kristali) ya 868, kidude kidogo kama punje ya mchele, bei yake haifiki chakula cha mchana. Soldea, songa mbele.

Akoth_RF alijibu:

Kabla hujanunua chochote, kaka, hakikisha ugonjwa ndio huo. Chukua atenueta (kipunguza mawimbi) ya dB 6, iweke kati ya antena na kipokezi, kisha ungoje saa moja jioni. Kama kipokezi kinazidiwa na nguvu ya mnara, utaona maajabu: umepunguza mawimbi yako mwenyewe, lakini mita zinarudi, kwa sababu kikuza mawimbi cha mbele kimepata nafasi ya kupumua. Kama mita zinaendelea kupotea vilevile, basi huenda mnara unamwaga kelele ndani ya 863-870 yenyewe. Hiyo hakuna filta upande wako itakayoiondoa, kwa kuwa imeshaingia kwenye mlango uleule unaotaka uwe wazi.

Pia jaribu kuhamisha antena iwe nyuma ya tangi la maji, mnara usiione. Maji yanameza mawimbi vizuri sana. Ila hapo Pipeline tangi likikauka na kinga yako imekauka, na mnajua wenyewe linakauka mara ngapi.

MzeeKaviti alijibu:

Mwanangu, mchoro wako hauna shida. Bodi nayo haina shida, inafanya tabia yake. Shida ni kwamba umeiomba FR-4 kazi ambayo haijawahi kuiweza, na hesabu ya kulijua hilo ni fupi kuliko ujumbe wako.

Upotevu katikati ya filta, kwa dB, unakaribia 4.343 mara jumla ya thamani za g (namba za jedwali la filta), gawanya kwa upana wa bendi ukilinganishwa na masafa ya katikati, mara Q ya rezoneta (uwezo wake wa kutunza nguvu). Kwa Chebyshev ya dB 0.1 yenye rezoneta tatu, g ni 1.0315, 1.1474 na 1.0315. Jumla ni 3.21. Upana wako ni 20 kwa 867, yaani 0.023. Q ya FR-4 utaipata kwenye upotevu wa bodi yenyewe: tanjenti ya upotevu ni kama 0.02, na moja gawanya kwa 0.02 ni 50. Piga sasa. Unapata dB 12, ileile uliyoipima. Programu yako ilikuonyesha mkunjo mzuri kwa sababu, nakisia, uliacha sehemu ya upotevu wa bodi ikiwa sifuri. Weka 0.02 pale uone kama haitakubaliana na NanoVNA.

Watu hudhani filta hupoteza nguvu kwa sababu ya kuzuia. La. Inapoteza kwa sababu ya kukawiza. Filta nyembamba hulizungusha wimbi ndani muda mrefu kabla ya kuliachia, na kila mzunguko una kodi yake. Ni mtungi unaovuja: maji yakipita haraka huoni hasara, yakilala humo asubuhi huna kitu. Ndiyo maana bodi hiyohiyo ukiipa bendi pana, asilimia 20 hivi, itakupotezea dB moja na ushee tu na utaisifu. Ukiipa asilimia 2.3 inakuua.

Kuhusu kuteremka hadi 846, hilo dogo. FR-4 za madukani ziko popote kati ya 4.2 na 4.6, kutegemea resini na kiwanda, na muuzaji wa Luthuli hana habari hiyo wala hana sababu ya kuwa nayo. Yako inaelekea iko 4.4 au 4.5. Ungefupisha vidole vya zile U ukarudi mahali pake, lakini dB 12 zingebaki palepale.

Rogers RO4003C ni bodi nzuri, tanjenti yake haifiki 0.003. Ila kwenye ukanda mwembamba wa shaba, shaba yenyewe nayo inakula, kwa hiyo Q itasimama kwenye 200 hivi. Rudia hesabu: dB 3. Umelipa ushuru ili upoteze nusu ya nguvu kabla ya kikuza mawimbi. Mimi singelipa.

Na huyu kijana wa SAW hajakosea sana. Kwa kipokezi kitupu ningemuunga mkono, maana SAW hupoteza dB 2 au 3 tu na inazuia vizuri. Lakini kituo chako kinarusha pia kupitia antena hiyohiyo, na punje ile haipendi kubebeshwa nguvu. Ukiiweka nje karibu na antena, siku ya kwanza ya kutuma amri kwa mita utakuwa unaifanyia majaribio ya uvumilivu.

Jibu lako liko Kamukunji, kwa mafundi wa bati. Sitanii. Tengeneza rezoneta za vyumba, za robo wimbi. Kwa MHz 867 robo wimbi ni milimita 86, jambo ambalo linaingia kwenye kiganja. Mwambie fundi akukunjie sanduku la bati la shaba nyekundu la milimita moja, vyumba vitatu mraba, kila ubavu milimita 45 kwa ndani. Fimbo za katikati ni bomba la shaba la nusu inchi, lile la mafundi wa friji. Nusu inchi ni milimita 12.7, na 45 kwa 12.7 ni kama 3.5. Uwiano wa 3.6 ndio unaotoa Q kubwa zaidi kwenye mrija wa duara, na mraba hauko mbali. Fimbo iwe fupi kuliko 86, tuseme 78, na skrubu ya shaba ikishuka kutoka kwenye kifuniko juu ya ncha yake imalizie kuivuta chini hadi 867.

Ukiweka fundi wa kawaida na solda ya kawaida, Q ya 1500 haikukimbii. Piga tena hesabu ileile: dB 0.4. Kwenye 821 utazuia karibu dB 36, kwenye 925 zaidi ya 40. Hapo mnara upige kelele utakavyo.

Sehemu moja tu usiache fundi aifanye kwa haraka: mahali fimbo inapokutana na sakafu. Mkondo wote wa umeme umekusanyika pale, na kwa masafa haya unatembea kwenye ngozi ya shaba isiyofika unene wa maikromita 3. Solda izunguke fimbo nzima, isiwe vidoti vinne. Kule juu kwenye ncha hakuna mkondo wa kutisha, ndiyo maana kifuniko cha skrubu kinatosha. Na chuma kitupu usikubali, hata akikuapia kwamba ni kigumu zaidi.

mita_za_maji alijibu:

Mzee, shikamoo. Na asante dada Akoth. Nimeweka atenueta ya dB 6, na jioni mita nyingi zilizokuwa zikipotea zimeingia. Kwa hiyo ni kuzidiwa kweli. Tangi nimeliacha, caretaker amesema hataki waya zaidi hapo.

Programu nayo nimeiwekea 0.02. Imekubaliana na NanoVNA hadi nikacheka.

Nimepata fundi Kamukunji, kawaida anatengeneza masanduku ya shule. Ameangalia mchoro akaniuliza kama ni jiko. Swali langu sasa: ukubwa wa dirisha kati ya vyumba naujuaje, na hizi skrubu tatu nazifungaje bila kuzunguka kama kipofu? Nikigusa moja, zote zinahama.

MzeeKaviti alijibu:

Marahaba. Mwambie ni jiko, atafanya kazi kwa bidii zaidi.

Dirisha usilikokotoe, lipime. Tengeneza kwanza vyumba viwili tu, viguse kwa vijiwaya vifupi ambavyo havigusi fimbo, ili NanoVNA ione kidogo sana. Utaona vilele viwili. Kiungo unachohitaji kati ya rezoneta ni 0.021, maana yake vilele viachane kwa MHz 18.4. Anza na dirisha dogo, tupa itapanua polepole. Tupa haijawahi kurudisha shaba iliyokwisha kuitoa.

Kwa skrubu, acha kuangalia mkunjo wa kupita. Angalia wimbi linalorudi kwenye mlango wa kuingilia, uiweke NanoVNA ikuonyeshe uchelewesho wa S11. Kalibreti hadi kwenye koneketa yenyewe, la sivyo kebo itaongeza wakati wake humo. Mlango wa pili ufunge kwa mzigo wa omu 50. Shusha skrubu ya pili na ya tatu hadi ziguse fimbo, vyumba hivyo vife. Fungua ya kwanza mpaka kilele cha uchelewesho kikae juu ya 867. Kinatakiwa kiwe nanosekunde 32.8. Kikizidi, waya wako wa kuingilia umesoldewa chini mno kwenye fimbo, upandishe kidogo. Kikipungua, uteremshe. Ukimaliza, upande wa kutokea ufanyie vivyo hivyo.

Sasa inua skrubu ya pili. Mkunjo utakuwa na nundu mbili. Zilinganishe pande zote za 867, na bondeni katikati usome 36.5. Ukikosa, ni dirisha la kwanza. Kisha inua ya tatu: nundu tatu, na ile ya katikati pale 867 isome 65.7. Kila hatua inagusa skrubu mpya na kuisahihisha kidogo tu iliyotangulia, kwa hiyo huzunguki. Namba hizo ni za upana wa MHz 20 na dB 0.1. Ukibadilisha upana, zigawe upya: upana mara mbili, nanosekunde nusu.

Akoth_RF alijibu:

Naongeza moja tu, mzee ameisahau. Kila skrubu iwe na nati ya kuifungia, na ukikaza nati masafa yanahama kidogo, kwa hiyo zikaze huku unaangalia NanoVNA. Tena zikaze kifuniko kikiwa kimefungwa skrubu zote.

mita_za_maji alijibu:

Nimeandika yote kwenye daftari. Jumamosi naenda kwa fundi na bomba la friji. Nitaweka picha ya S21 (mkunjo wa kupita) hapa ikiwa tayari, na mtaniambia kama ni jiko au ni filta.